Tisa Mara Mia Nane

Shule ilifungwa Ijumaa.
Jumatatu alfajiri nilikuwa Mwaloni, Kirumba,
kitenge nimejitanda hadi puani
kama mtu mwenye jino bovu.

Mshahara wa Mei ulipita kwangu
kama mgeni aliyekosea nyumba:
akapiga hodi, akaomba radhi, akaondoka.
Wakabaki wale wa mkopo,
ule tunaouita kausha damu.
Hao hawakosei mlango.

Basi nami nikakausha dagaa.
Ndoo moja mia nane: kumwaga, kutandaza,
kugeuza jua likiwa utosini,
kuzoa kabla umande haujashuka.
Nyavu kuukuu zimetandikwa hadi kwenye mawe,
na juu yake fedha ndogondogo zenye macho,
maelfu,
zote zinanitazama.

Kazi hii ina kalenda yake.
Mwezi ukikua, taa za mitumbwi hazivuti kitu,
nasi tunarudi majumbani.
Siku hizo nilitia viraka suruali za watu wa Kitangiri
kwa cherehani ya kuazima,
nikiomba giza lirudi upesi,
mimi niliyewaandikisha watoto insha:
Nuru ni Bora Kuliko Giza.

Siku ya tatu nikamwona Luhende.
Darasa la Tano B, dawati la nyuma,
kwenye dirisha lisilo na kioo.
Mtihani wa Mei: ishirini na tatu kwa mia.
Ameshika fimbo ndefu yenye mfuko wa nailoni nchani,
anafukuza yangeyange na kunguru
kwa elfu moja kutwa, na kikombe cha uji.
Alitazama kitenge changu, akashuka hadi miguuni
(mtoto hasahau viatu vya mwalimu),
kisha akageuka kuwafokea ndege
kwa bidii ambayo darasani sijawahi kuiona.

Hakuniamkia. Nilimshukuru kimoyomoyo.
Nami sikumuuliza anafanya nini pale.
Tukaenda hivyo wiki mbili, tukisitiriana.

Jioni moja Bi Mbuke, mwenye nyavu,
alitulipa huku anagombana na mtu kwenye simu.
"Sita na mia tano," akasema,
akanibandika noti zenye shombo kiganjani.
Nikafumba mkono.
Mwalimu na kubishana sokoni, wapi na wapi?
Nikasema ahsante.

Nilikwishapiga kama hatua kumi
niliposikia sauti nyuma yangu,
haina salamu, haina jina:
"Tisa mara mia nane ni elfu saba na mia mbili."

Sikugeuka.
Nikaipiga hesabu upya, kidole kwa kidole,
mimi na chaki yangu ya miaka kumi na mmoja.
Alikuwa sahihi.
Tena alikuwa amezihesabu ndoo zangu,
kutwa nzima, huku anafukuza ndege.

Nikarudi. Nikadai.
Bi Mbuke akacheka, akatoa mia saba bila ubishi,
kama mtu aliyekuwa akingoja siku nitakayojua.
Nikampelekea Luhende nusu yake.
Akaficha mikono nyuma.
"Mimi nimeshalipwa, mwalimu."
Ndilo neno pekee aliloniita mwezi ule,
tena kwa kunong'ona,
wasije wakasikia wanawake wa dagaa.

Julai tukafungua.
Nimeosha nywele mara nne, ziwa bado limo.
Nikaandika ubaoni: Mama ana ndoo tisa...
nikafuta ile tisa haraka, nikaweka kumi na tatu.
Mikono ya mbele ikapanda, ile ile ya siku zote.

Luhende alikuwa anatazama nje.
Kunguru ametua juu ya paa la choo.
Midomo yake inacheza kidogo,
sijui anahesabu, sijui anamfukuza.

Nikaiweka chaki chini.
Nikampa muda.